Chupa ya Matone na Sindano Tatu: Tathmini ya Tiba Mbili za Minyoo ya Moyo

Nimetumia tiba mbili kwa ugonjwa mmoja wa mbwa mmoja, na kwa kuwa zote mbili zinaendelea kuuzwa kwa watu walioshikwa na hofu ileile niliyokuwa nayo mimi, naona ni haki kueleza nilichokiona katika kila moja. Ya kwanza ni chupa ya matone ya mitishamba inayonadiwa kuwa huondoa minyoo ya moyo bila kemikali. Niliitumia kwa miezi minne. Ya pili ni tiba kamili ya kliniki ya wanyama, iliyoanza na vidonge, ikapitia sindano tatu, na kukamilika kwa kipimo cha damu miezi tisa baada ya sindano ya mwisho. Jina la mtengenezaji wa chupa na la kliniki siyataji, kwa sababu chupa za namna hiyo zinafanana hata maneno ya kwenye lebo, na kliniki nayo ilifuata utaratibu ambao daktari yeyote wa mifugo anayefuata mwongozo wa fani yake angeufuata.

Mbwa mwenyewe anaitwa Doa. Ni jike wa miaka sita, mwenye uzito wa kilo 18, kahawia mwili mzima isipokuwa baka jeupe kifuani. Alianza na kikohozi kikavu kila alipokimbia, kisha akawa anakaa chini katikati ya matembezi na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechoka. Daktari alimtoa damu kidogo, akaidondosha kwenye kipimo cha antijeni kinachotoshea kiganjani, na tulipokuwa bado tunazungumza mstari wa pili ukajitokeza, yaani minyoo ya moyo ipo. Alinieleza mengi siku ile, ila katika yote aliyoyasema mimi nilisikia neno moja tu: arseniki, ile sumu. Dawa inayoua minyoo iliyokomaa, alisema, ina arseniki ndani yake. Nilirudi nyumbani na mbwa wangu na karatasi ya miadi, na miadi ile sikuitimiza.

Chupa nililetewa na jirani yangu, kwa nia njema kabisa. Ni ya kioo cha kahawia, ina kitonea cha mpira, na ukiifungua harufu ya karafuu inakupokea kabla hujaisogeza puani. Lebo inataja ganda la jozi nyeusi, pakanga, karafuu na kitunguu saumu, bila kusema kila kimoja kimo kwa kiasi gani, jambo lililopaswa kunishtua mapema kuliko lilivyonishtua. Maelekezo yanasema matone 15 asubuhi na 15 jioni kwa mbwa wa ukubwa wowote. Hayo maneno matatu ya mwisho nimeyarudia mara nyingi tangu wakati huo. Dawa isiyojali kama mgonjwa ana kilo tatu au kilo 40, ama haina nguvu ya kumdhuru yeyote na hivyo haina nguvu ya kumponya yeyote, ama inayo na mtengenezaji hajali itampata nani.

Ndani ya boksi kuna karatasi iliyokunjwa inayoahidi kwamba kati ya siku ya 7 na ya 14 mwenye mbwa ataona minyoo ikitoka kwenye kinyesi, na picha imewekwa ili kuthibitisha. Ahadi hiyo, ambayo mimi niliichukua kuwa ushahidi, ndiyo inayoiumbua bidhaa nzima. Minyoo ya moyo, ambayo kwa jina la kisayansi huitwa Dirofilaria immitis, haiishi tumboni. Iliyokomaa hukaa katika ateri zinazopeleka damu kwenye mapafu, na ikiwa mingi hufurika hadi upande wa kulia wa moyo. Jike hufikia sentimita 25 hadi 30, mwembamba kama uzi wa tambi; dume ni kama nusu yake. Mnyoo huo unapokufa, damu huusukuma vipande vipande hadi kwenye mishipa midogo ya mapafu, na mwili huumeng'enya hukohuko kwa wiki kadhaa. Hakuna mlango unaoutoa hapo na kuufikisha kwenye kinyesi. Minyoo iliyokuwa kwenye picha ile ilikuwa ya tumbo, ambayo ni maradhi mengine yenye dawa zake.

Kosa hilo la mahali ndilo lililomo karibu katika kila tiba ya nyumbani niliyopendekezewa katika miezi ile, na sikupungukiwa na wapendekezaji. Mbegu za papai, mbegu za maboga, unga wa diatomu, siki ya tufaha, mafuta ya nazi: zote zinazungumziwa kana kwamba mnyoo ni mnyoo na popote ulipo utafikiwa na kinachopita kooni. Unga wa diatomu, kwa mfano, husifiwa kwa chembe zake zenye makali zinazochana ngozi ya wadudu na kuwakausha. Huwakausha penye ukavu. Ndani ya utumbo hakuna ukavu, na hata kama ungekuwapo, chembe hizo haziingii kwenye damu, na zikiingia tungekuwa na msiba mwingine. Mwarobaini nao nilitajiwa, kwa hoja kwamba jina lenyewe linajieleza. Nikahesabu maradhi 40 na minyoo ya moyo sikuiona.

Ili msomaji aelewe kwa nini miezi minne ilikuwa hasara kubwa, inafaa kufuata safari ya mnyoo wenyewe. Mbu hunyonya damu ya mbwa mgonjwa na kumeza watoto wa minyoo waitwao mikrofilaria, ambao hawaonekani kwa macho. Ndani ya mbu, kukiwa na joto la kutosha, huchukua kama wiki mbili kugeuka mabuu yanayoweza kuambukiza, kisha mbu anapomuuma mbwa mwingine mabuu hayo huingia kupitia tundu alilolifungua. Huishi kwanza chini ya ngozi na katika misuli, huku yakijivua gamba na kukua, na baada ya miezi miwili hadi minne hufika kwenye ateri za mapafu. Miezi sita hadi saba tangu siku ya kuumwa, majike huanza kuzaa mikrofilaria wapya. Mnyoo uliokomaa huweza kuishi miaka mitano hadi saba ndani ya mbwa. Kwa hiyo anayesema "tuone kwanza" anampa mnyoo kile hasa unachokihitaji. Kila mwezi nilioutumia kuhesabu matone, kuta za ateri za Doa zilikuwa zikisuguliwa, zikivimba na kukakamaa.

Na bado niliamini kuwa chupa inafanya kazi. Hili nataka nilieleze kwa uaminifu, kwa sababu sifa nyingi zinazotolewa kwa bidhaa hizi hutolewa na watu wasiosema uongo. Kufikia wiki ya tatu kikohozi cha Doa kilikuwa kimepungua sana. Sikujiuliza ni kitu gani kingine kilichobadilika. Kilichobadilika ni kwamba, tangu siku ya kipimo, nilikuwa nimeacha kumkimbiza. Mbwa mwenye minyoo ya moyo ambaye hatumii nguvu mara nyingi huonekana mzima. Wapo wasioonyesha dalili yoyote mpaka ugonjwa umefika mbali. Nilikuwa nimempa Doa mapumziko, ambayo kweli ni sehemu ya tiba, na pongezi zikaenda kwa chupa.

Kuhusu madhara, sitaisingizia chupa kwa nisilolishuhudia: Doa hakutapika wala hakupoteza hamu ya kula. Ila viambato vyenyewe si vya kuchezea. Kitunguu saumu, kama vitunguu vingine vya jamii yake, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka kikitolewa kwa wingi au kwa muda mrefu, na paka ndiye anayedhurika kwa urahisi zaidi. Pakanga ina kemikali iitwayo thujoni, ambayo kwa kiasi kikubwa husababisha degedege. Jozi nyeusi nayo imo katika orodha ya vitu ambavyo madaktari wa wanyama huwaonya wenye mbwa wasiwape. Kwa hiyo mtu anapomnywesha mbwa wake mchanganyiko huu "bila kemikali", anamnywesha kemikali ambazo hakuna aliyezipima, mbwa akiwa tayari na moyo na mapafu yanayofanya kazi kwa taabu.

Neno "asili", linalotumiwa kusifia dawa za namna hii, nalo linastahili kuangaliwa vizuri. Ivamektini, mojawapo ya dawa kongwe za kuzuia minyoo ya moyo kwa mbwa, ilitokana na bakteria aliyepatikana kwenye udongo nchini Japani, na Satoshi Ōmura pamoja na William Campbell walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Mtu akitaka dawa yenye asili ya ardhini, hiyo hapo. Kilichoifanya kuwa dawa ni kwamba ilichujwa, ikapimwa, ikajulikana inaua nini, kwa kiasi gani na kwa muda gani, na ni mbwa gani wasioivumilia wakizidishiwa. Chupa yangu ya kahawia haikuwa na jibu la swali hata moja kati ya hayo.

Mwishoni mwa mwezi wa nne Doa alizirai kwenye ngazi. Ilikuwa kwa sekunde chache tu, akainuka mwenyewe, lakini siku hiyohiyo nilirudi kliniki, na aibu yangu mkononi. Daktari, ambaye kwa umri ni binti yangu, hakunilaumu. Alichukua tone la damu, akaliweka kwenye kioo, akachungulia, kisha akasogea pembeni na kusema, "Mzee, njoo utazame mwenyewe." Niliona chembe nyekundu zimetulia kama kokoto chini ya maji, na katikati yake kitu chembamba kama uzi kikijipinda na kujinyoosha bila kuondoka mahali pake, kikizipiga kumbo chembe zilizokizunguka. Kisha nikaona cha pili. "Na hawa ni watoto," alisema. "Wazazi wao hawapiti kwenye sindano yangu." Kama kuna huduma moja ambayo ningeomba kila kliniki iitoe, ni hiyo ya dakika mbili za hadubini. Ingeniepusha na chupa ile miezi minne mapema.

Picha ya eksirei ilionyesha ateri za mapafu zimepanuka kuliko inavyotakiwa. Moyo wenyewe ulikuwa bado unastahimili, na hapakuwa na dalili za hatua ya mwisho ya ugonjwa, ile ambayo minyoo huziba mtiririko wa damu ndani ya moyo, mkojo ukageuka mweusi kama kahawa, na tumaini pekee likawa kuichomoa minyoo kwa upasuaji kupitia mshipa mkubwa wa shingoni. Vipimo vya figo na ini vilikuwa vya kuridhisha. Kwa hiyo tukaanza.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba sindano haikuja kwanza. Kwa siku 28 Doa alimeza doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, miligramu 10 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku; kwake ilikuwa miligramu 180 kila mara. Dawa hiyo haiui mnyoo moja kwa moja. Inaua bakteria waitwao Wolbachia wanaoishi ndani ya mnyoo, ambao mnyoo unawategemea. Bila wao majike hupungukiwa uwezo wa kuzaa, minyoo hudhoofika, na inapokufa baadaye haiuchafui mwili kwa sumu za bakteria hao. Sambamba na hiyo alianza dawa ya kuzuia ya kila mwezi, ili mabuu machanga yafe na mbu wasimwongezee mengine. Baada ya siku 28 tulikaa mwezi mwingine mzima tukingoja. Kungoja huko nako kuna sababu yake: dawa ya kuzuia inaua mabuu machanga, sindano inaua minyoo iliyokua, na kati yao kuna umri ambao hakuna dawa inayoufikia vizuri; miezi miwili inawapa hao wa katikati nafasi ya kukua hadi umri ambao sindano inawapata. Hapo ndipo nilipotambua tofauti kati ya kungoja kwangu na kungoja kwa daktari, kwa maana kwake kila siku ilikuwa na kazi.

Siku ya 60 alidungwa sindano ya kwanza ya melasomini. Hii ndiyo yenye arseniki, na sitajifanya kwamba ni kitu chepesi. Alipimwa uzito asubuhi hiyohiyo, kwa sababu dozi ni miligramu 2.5 kwa kila kilo na nafasi kati ya kiasi kinachotibu na kinachodhuru si pana. Dawa huingizwa ndani kabisa ya misuli ya kiuno, kando ya uti wa mgongo, baada ya nywele za hapo kunyolewa, na kabla ya kudunga daktari alibadilisha sindano iliyovutia dawa ili tone lisibaki njiani likachoma ngozi. Doa alilia mara moja. Kwa siku tatu palivimba, akawa hataki kuguswa mgongoni, na alipewa dawa ya maumivu. Daktari alinieleza kwamba kabla ya melasomini, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, mbwa walidungwa dawa nyingine ya arseniki moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, na ikivuja nje ya mshipa nyama ya hapo huoza. Nilipolisikia hilo, uvimbe wa siku tatu niliupokea kwa shukrani.

Siku ya 90 ilikuja sindano ya pili, na saa 24 baadaye ya tatu. Mpangilio huu wa moja kisha mbili umewekwa makusudi: ile ya kwanza huua sehemu tu ya minyoo, ili mizoga isirundikane yote kwa pamoja mapafuni. Zikikamilika zote tatu, takriban asilimia 98 ya minyoo huwa imekufa, ilhali mpango wa zamani wa sindano mbili pekee huishia karibu na asilimia 90. Doa pia alipewa prednisoloni kwa dozi iliyokuwa ikipunguzwa hatua kwa hatua, ili kutuliza uvimbe wa mishipa.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye malalamiko yangu, kwa maana kliniki hii nasifu tiba yake kuliko maelezo yake. Katika karatasi niliyopewa, mapumziko yalitajwa kwa mstari mmoja: "Mbwa apumzike." Mstari huo ulipaswa kuwa ukurasa. Hatari kubwa katika tiba hii huja baada ya sindano, katika siku zile ambazo minyoo iliyokufa inavunjika na vipande vyake kukwama kwenye mishipa ya mapafu. Siku ya 7 hadi ya 10 ndizo mbaya zaidi, ingawa hatari inaendelea kwa wiki kadhaa. Mbwa akikimbia wakati huo, damu inasukumwa kwa kasi kupita kwenye mishipa iliyozibwa nusu, na anaweza kufa hapohapo. Kupumzika, kwa hiyo, maana yake ni kufungiwa katika chumba kidogo au kizimba, kutoka nje kwa kamba fupi kwa ajili ya haja tu, kutoruka kitini, kutopanda ngazi, kutobweka mlangoni kila mtu anapopita, na hali hiyo iendelee kuanzia siku ugonjwa unapothibitishwa hadi wiki sita au nane baada ya sindano ya mwisho. Ukijumlisha, ni kama miezi mitano.

Siku ya nane baada ya sindano ya tatu, Doa alichomoka mlangoni akimfuata paka. Alikimbia hatua labda 20 kabla sijaikanyaga kamba. Usiku ule alikohoa hadi alfajiri, joto likampanda, na nilipopiga simu kliniki niliambiwa, kwa upole lakini kwa kuchelewa, yote niliyoyaeleza katika aya iliyotangulia. Alilazwa siku mbili akawekewa hewa ya oksijeni. Alipona, lakini siku mbili zile ninaziandika katika hesabu ya kliniki kama deni. Daktari anayejua kubadilisha sindano ili tone moja lisichome ngozi anajua pia kwamba mwenye mbwa ataelewa neno "apumzike" kwa namna yake.

Nimeulizwa kama hakuna njia ya kati. Ipo, na daktari alinieleza bila kuificha: doksisaiklini pamoja na dawa ya kuzuia ya kila mwezi yenye moksidektini, bila sindano. Njia hiyo hutumiwa pale ambapo melasomini haipatikani au mbwa hawezi kuistahimili. Tatizo lake ni muda, kwani minyoo hufa polepole kwa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, na muda wote huo inaendelea kuharibu ateri huku mbwa akitakiwa kutulia. Inabaki kuwa tiba ya daktari, yenye vipimo kabla na baada. Kuchanganya njia hiyo na chupa ya matone ni kuilinganisha barabara ndefu na ukuta.

Iko pia njia ambayo watu huiita ya nyumbani ingawa imetoka dukani: ivamektini ya mifugo, ile ya ng'ombe na kondoo, inayogawiwa mbwa kwa makadirio. Hesabu yake ni hii. Dozi ya kuzuia kwa mbwa ni mikrogramu 6 kwa kila kilo kwa mwezi. Kwa Doa hizo ni mikrogramu 108. Dawa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina mikrogramu 10,000 katika kila mililita, kwa hiyo Doa angehitaji takriban sehemu moja ya mia ya mililita, yaani kistari kimoja kidogo kabisa kwenye bomba la sindano la mililita moja. Tone moja la kawaida ni karibu mara tano ya hapo, na mililita moja nzima ni zaidi ya mara 90. Mbwa wa jamii ya Collie na baadhi ya mbwa wengine wa kuchunga mifugo wana hitilafu ya kurithi inayoruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo ikizidishwa, wakapofuka, wakatetemeka, wakaanguka katika usingizi mzito. Na mbwa yeyote aliyejaa mikrofilaria, akipewa dawa inayowaua wote kwa mpigo bila kupimwa kwanza, anaweza kupata mshtuko wa mwili mzima. Dawa ni ileile ya kliniki, ila imekuja bila mizani.

Wenye paka nitawapitia kwa maneno machache, kwa kuwa kwao mambo ni magumu zaidi na chaguo ni chache. Paka huwa na minyoo miwili au mitatu tu, mara nyingi yenye umri mfupi, na dalili zake hufanana na pumu. Melasomini ni sumu kwake na haitumiki. Hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuua minyoo iliyokomaa ndani ya paka, hivyo daktari humsaidia apumue vizuri na kungoja minyoo ife yenyewe kwa miaka miwili au mitatu, huku akijua kwamba mnyoo mmoja ukifa ghafla unaweza kumuua. Kwa paka, kuzuia ndiyo tiba. Chupa yangu ilikuwa na picha ya paka pia, pembeni ya ile ya mbwa.

Miezi tisa baada ya sindano ya mwisho Doa alipimwa tena antijeni. Muda huo haukuchaguliwa ovyo: kipimo kinanusa protini inayotolewa na minyoo majike, na mabaki yake hukawia kuisha mwilini, kwa hiyo anayepima mapema sana anaweza kukata tamaa bure. Mstari wa pili haukujitokeza. Nilisimama pale nikiutazama ule mmoja hadi daktari akaniambia, "Mzee, umeshakauka, hautabadilika." Ateri zilizopanuka hazikurudi kuwa kama za mbwa asiyewahi kuugua, na hatakimbia tena kama zamani. Kiasi gani cha hasara hiyo ni cha miezi minne ya chupa, hakuna picha ya eksirei inayoweza kukigawa.

Kliniki naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye ule mstari mmoja wa mapumziko, na nimewaandikia kuwaambia hivyo. Chupa siipi nyota.

Sasa Doa yuko kwenye kidonge cha kutafuna kila mwezi. Wengi hudhani kidonge hiki kinamzuia mbu asiambukize, lakini kazi yake ni kuua mabuu yaliyoingia katika siku zilizotangulia, ndiyo maana kuruka mwezi mmoja au miwili kunatosha kuacha mwanya. Kufukia madimbwi na kufunga wavu madirishani kunapunguza mbu, nami nafanya vyote viwili, lakini mbu mmoja akipita inatosha. Lawama yangu kwa kidonge hiki ni moja tu: mtengenezaji anadai kina ladha inayopendwa na mbwa wote. Cha mwezi huu Doa alikitema mara mbili, akakificha chini ya mkeka, na nilikigundua kwa sababu tu nilikuwa nimesimama palepale kumtazama akimeza.